Kabla ya Siku ya Kwanza: Kumwandaa Mtoto Mwenye Usonji Aanze Tiba ya Tabia

Siku ya kwanza nilimdanganya. Nilimwambia mwanangu tunakwenda matembezi, kwa kuwa niliogopa kwamba nikimwambia ukweli atalia njia nzima. Njiani hakulia. Alilia tulipofika, alipokutana na mlango asioujua, harufu asiyoijua na mtu mgeni aliyechuchumaa mbele yake akimwita jina. Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Neno "matembezi", lililokuwa furaha yake kubwa, liligeuka kuwa neno la hofu kwa miezi kadhaa. Nikilitamka, anaingia chini ya kitanda.

Mwongozo huu ni kwa mzazi au mlezi wa mtoto mwenye usonji (autism) ambaye ameshapewa tarehe ya kuanza tiba, au bado yuko kwenye foleni, na anajiuliza afanye nini wakati huu. Ukiwa na wiki tatu hadi sita, zinatosha. Ukiwa na siku tano tu, nenda moja kwa moja hatua ya nne na ya tano. Hizo mbili usiziache kwa vyovyote. Mengine yanaweza kufuata tiba ikiwa imeshaanza. Lakini mtoto asiingie kwenye chumba cha tiba akiwa hana njia ya kusema "basi", na asiingie akiwa amedanganywa.

Hatua ya 1: Ujue unampeleka kwenye nini

"Tiba ya tabia" ni jina pana. Inayojulikana zaidi ni ile inayoitwa kwa kifupi ABA (Applied Behavior Analysis, yaani uchambuzi wa tabia kwa vitendo), na msingi wake ni kwamba tabia hujengwa na kile kinachoitangulia pamoja na kile kinachoifuata. Mtoto anaona chupa ya maji juu ya kabati, anapiga kelele, anapewa maji. Kesho atapiga kelele tena, kwa sababu kelele imemfaa. Mtaalamu humfundisha njia nyingine ya kuomba, kwa mfano kunyoosha kidole, kutoa picha au kusema neno, na kuhakikisha njia hiyo mpya inaleta maji haraka kuliko kelele. Kelele hupungua kwa kukosa kazi.

Historia yake ni vema uijue, kwa sababu bado inaishi kwenye vyumba vya tiba. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha utafiti wa watoto 19 waliofundishwa mmoja mmoja kwa saa zipatazo 40 kila wiki, kwa miaka miwili au zaidi. Watoto 9 kati yao walifikia kiwango cha kawaida kwenye vipimo vya akili na kumaliza darasa la kwanza katika shule za kawaida. Ndipo ilipotoka ile "saa 40" ambayo wazazi wengi wanaambiwa mpaka leo. Yasiyotajwa sana ni kwamba haikuamuliwa kwa bahati nasibu ni watoto gani wapate tiba hiyo na ni wepi wawe wa kulinganishwa nao, na kwamba katika utafiti huo walikaripiwa kwa sauti kali na wakati mwingine kupigwa kofi la paja.

Tiba imebadilika mno tangu wakati huo. Wanasaikolojia Sally Rogers na Geraldine Dawson waliunda mtindo wa tiba uitwao wa Denver kwa watoto wadogo, ambamo mafunzo huingizwa ndani ya mchezo anaouongoza mtoto mwenyewe. Hata hivyo wapo watu wazima wenye usonji, waliopitia tiba hii utotoni, wanaosema wazi kwamba ilichowafundisha ni kuficha walivyo na kuvumilia maumivu kimya. Mimi nawaamini. Hiyo haikunifanya nimtoe mwanangu. Ilinifanya niulize maswali kabla ya kumwingiza.

Haya ndiyo niliyouliza, nawe uyaulize:

- Mtoto akikataa zoezi, mnafanyaje? (Jibu zuri linaeleza kupumzika, kurahisisha zoezi, kujiuliza kwa nini amekataa. Jibu la "lazima amalize kwanza" ni la kuogopa.)
- Je, naweza kuingia chumbani wakati wowote, bila miadi?
- Nani anakaa na mtoto kila siku, na nani anamsimamia huyo? Mara nyingi anayeandika mpango si yeye anayecheza na mtoto. Omba kuwaona wote wawili.
- Mnamshika mtoto kwa nguvu katika hali gani?
- Mtajuaje kwamba tiba hii haimfai?

Swali la mwisho ndilo lililonisaidia zaidi. Sehemu moja walinitazama kana kwamba nimewatukana. Sehemu nyingine walinionyesha daftari la mtoto mwingine, jina likiwa limefunikwa, na ukurasa ambao waliandika: mpango huu haufanyi kazi, tumeubadilisha. Nikajua nimefika.

Hatua ya 2: Anza na mwili

Hili linarukwa na wengi. Mtoto asiyeweza kusema "jino linauma" atakwambia kwa kujigonga kichwa ukutani. Mtoto aliyefunga choo siku nne hatakaa kitini. Tiba ikianza bila kugundua hayo, watu wazima wote watashughulikia "tabia" ambayo kwa kweli ni maumivu, na mtoto atajifunza kwamba akiumwa hakuna anayemsikia.

Kabla ya siku ya kwanza, omba daktari apime usikivu wake, hata kama unaamini anasikia. Aangaliwe meno na masikio. Eleza choo chake kinavyokwenda, na usingizi wake: analala saa ngapi, anaamka mara ngapi. Kama huganda ghafla akitazama mbali, haitiki, kisha anarejea kana kwamba hakuna kilichotokea, mwambie daktari, kwa kuwa kifafa huonekana zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine. Kama anakula vyakula vitatu tu, taja pia. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuharibu usingizi, na mtoto aliyekosa usingizi hana la kujifunza asubuhi.

Hatua ya 3: Daftari la wiki mbili

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kwa wiki mbili andika matukio matatu tu kwa siku, usizidishe, maana utachoka na kuacha. Kila tukio lina vipande vitatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika ulichokiona kwa macho, si ulichokifikiria. "Alikuwa mkaidi" haimsaidii mtu yeyote. "Nilizima televisheni bila kumwambia. Alijilaza sakafuni akapiga miguu dakika sita. Niliiwasha tena" inasaidia sana.

Baada ya siku kumi hivi utaanza kuona mambo yanayojirudia. Wataalamu husema tabia ngumu huwa na kazi moja kati ya nne: kukwepa kitu, kupata kitu, kumvuta mtu, au kuupa mwili hisia unayoitaka. Mimi naongeza ya tano, ambayo si kazi hata kidogo, ni kuzidiwa. Mtoto akizidiwa na mwanga, kelele na maneno, hafanyi hesabu ya kupata chochote. Hata ukimpa anachokipenda hatulii. Ukimpa giza na kimya anatulia polepole. Weka alama tofauti kwenye daftari kwa matukio ya namna hiyo, kwa sababu mtaalamu akiyachanganya na yale mengine, atamtibu mtoto kwa dawa isiyo yake.

Upande wa pili wa daftari andika anavyovipenda. Usikisie. Mwekee vitu viwili mbele yake, uone anachukua kipi, badilisha, rudia. Utashangaa: mwanangu aliacha gari la kuchezea la gharama akachagua mfuniko wa chupa unaozunguka mezani. Orodha hiyo mtaalamu ataihitaji, kwani zawadi za tiba hutoka humo. Lakini angalia jambo moja. Kikiwepo kitu ambacho mtoto hujitulizia nacho, kama blanketi au kamba anayoizungusha vidoleni, usikubali kigeuzwe mshahara. Hicho ni chake. Akinyang'anywa asubuhi ili akifanyie kazi mchana, ataingia chumbani akiwa tayari ameshapungukiwa.

Hatua ya 4: Mpe njia ya kusema "basi"

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi.

Chagua alama moja ambayo mtoto anaiweza: neno, ishara ya mkono, kitufe kwenye tableti chenye sauti, au kadi yenye picha ya kiganja kilichonyooshwa. Kama haongei, au maneno humpotea akiwa na hofu, chukua kadi. Usiogope kwamba kadi itamzuia kuongea. Picha na vifaa vya mawasiliano haviui usemi, na watoto wengine huanza kutoa maneno wakiwa navyo. Tengeneza kadi tano au sita zinazofanana kabisa. Moja ikae mezani, moja mlangoni, moja kwenye mkoba, na ya akiba, kwa kuwa zitapotea.

Kufundisha kunahitaji watu wazima wawili. Mbinu hii ya watu wawili imetoka kwa Andy Bondy na Lori Frost, waliobuni mfumo wa mawasiliano kwa kubadilishana picha mwaka 1985. Wewe unakaa mbele ya mtoto, mwenzako nyuma yake. Anza na jambo ambalo mtoto halipendi kidogo tu, kama kufutwa uso kwa kitambaa. Usianze na linalomtisha. Mara tu anapogeuza uso au kujivuta, mwenzako anamwongoza taratibu kwa kiwiko mpaka mkono ufike kwenye kadi na kukupa. Hasemi neno, maana akiongea mtoto atamgeukia yeye. Wewe unapokea kadi, unasema "Basi", na unaacha papo hapo. Weka kitambaa chini, rudi nyuma hatua moja, hesabu kimya hadi thelathini. Usimsifu kwa kelele. Zawadi ya kadi hii ni kuachwa.

Rudia mara tatu au nne kwa siku, katika mambo tofauti: viatu, kuchana nywele, mchezo ulioendelea mno. Mwenzako apunguze msaada kidogokidogo, kutoka kuongoza kiwiko, kugusa kiwiko, mpaka kungoja tu.

Utaniuliza: si ataitumia kila wakati? Ndiyo. Siku za mwanzo ataitoa asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu amegundua inafanya kazi. Iheshimu kila mara. Ni wiki moja au mbili hizi, na unachokinunua ni imani yake kwamba akisema kitu watu wanasikia. (Bila shaka hairuhusiwi kwenye mambo ya usalama. Kuvuka barabara hakuna kadi. Mwonyeshe hivyo kwa kuiweka kando kabla ya kuvuka, badala ya kuipokea kisha kuipuuza.) Akishaizoea kwa watu wawili watatu na vyumba viwili vitatu, unaweza kuanza kuongeza: akitoa kadi unasema "moja, kisha basi", unafanya moja kweli, kisha unaacha. Moja iwe moja. Ukiongeza ya pili kwa ujanja utakuwa umeivunja kadi.

Siku ya tisa ya tiba mwanangu alimpa mtaalamu wake kadi hiyo katikati ya zoezi la kupanga maumbo. Mtaalamu aliyaweka maumbo chini, akakunja mikono, akatulia. Mtoto alikwenda dirishani, akasimama kitambo, kisha akarudi mwenyewe na kuvuta kiti. Hakuna aliyemwita.

Hatua ya 5: Mwambie ukweli, kwa picha

Omba ruhusa uende kabla na upige picha: mlango kutoka nje, sehemu ya kuvulia viatu kama ipo, chumba, meza, choo, uso wa mtaalamu. Kama mtaalamu huvaa miwani, apigwe akiwa nayo. Mtoto anayeyashika mambo kwa undani ataona uso usio na miwani kuwa ni wa mtu mwingine.

Kisha andika kisa kifupi cha kumweleza. Mbinu hii ilianzishwa na mwalimu Carol Gray mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kanuni yake muhimu ni kwamba kisa kieleze zaidi kuliko kuamrisha. Hiki ni mfano:

"Kesho nitakwenda kwenye chumba cha michezo. Baba atanipeleka. Ndani kuna meza ya bluu, bembea na taa. Atakuwepo mtu mmoja, hii ni picha yake. Tutacheza. Wakati mwingine ataniomba nifanye jambo. Nikichoka, naweza kutoa kadi ya basi. Nitapumzika. Baba atakaa kwenye kiti karibu na mlango. Tukimaliza tutarudi nyumbani."

Ona kwamba hakuna "nitafurahi sana" wala "nitakuwa mtoto mzuri". Hujui kama atafurahi. Usimwahidi usichokijua. Pale penye mashaka tumia neno "labda", na mfundishe neno hilo mapema katika mambo madogo ya nyumbani, kwa mfano labda itanyesha mvua, ili asilikute kwa mara ya kwanza siku ambayo mtaalamu wake ameugua.

Kisomeni pamoja mara moja kwa siku, wakati ametulia. Lini uanze? Inategemea mtoto. Wapo wanaohitaji wiki mbili za kuzoea wazo. Wapo ambao wiki mbili hizo ni wiki mbili za kutolala. Wangu ni wa siku tatu. Kumbuka alivyopokea safari au mgeni wa mwisho, utapata jibu.

Pamoja na kisa, tengeneza ratiba ya picha ya siku hiyo: kuamka, kuvaa, safari, chumba cha michezo, safari, nyumbani. Ratiba za namna hii zilienezwa sana na TEACCH, mpango wa kuwafundisha na kuwasaidia watu wenye usonji ulioanzishwa na Eric Schopler huko North Carolina, Marekani, katika miaka ya 1970, na sababu ya kudumu kwake ni nyepesi: maneno hupita, picha hubaki ukutani. Jambo likiisha, mtoto anabandua picha na kuiweka kwenye mfuko. Picha ya "nyumbani" iwepo tangu asubuhi. Kwa mtoto mdogo zaidi, picha mbili zinatosha: kwanza hiki, kisha kile.

Mtoto anayeongea vizuri na kusoma aelezwe zaidi. Mwambie kwamba ana usonji, kama bado hajui, na kwamba watu hawa watamsaidia kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe limemsumbua. Muulize ni lipi. Mtoto wa miaka minane anaweza kukupa lengo bora kuliko ripoti yoyote.

Hatua ya 6: Chagua malengo wewe, kabla hujachaguliwa

Mkutano wa kwanza utaulizwa unataka nini, na usipojiandaa utajibu "aongee" au "awe kama wenzake". Andika mambo mawili au matatu madogo yatakayomrahisishia yeye maisha. Kuomba msaada. Kuonyesha panapouma. Kuvumilia kukatwa kucha. Kusimama anapoitwa jina karibu na barabara au maji. Hili lipe uzito, kwa sababu watoto wengi wenye usonji hutoroka, huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao.

Na uwe na orodha ya usiyoyataka. Yangu ilikuwa na mawili. La kwanza, asilazimishwe kutazama watu machoni. Wapo wanaosikiliza vizuri zaidi wakitazama pembeni. La pili, asikatazwe kupepea mikono au kuyumba, isipokuwa anajiumiza. Mwili wake unajituliza hivyo. Anayemfunga mikono anamwondolea breki bila kumpa nyingine.

Hatua ya 7: Mazoezi madogo ya nyumbani

Hizi ni kazi za dakika tano na hazihitaji utaalamu. Kaeni mezani na kitu anachokipenda kwa dakika mbili, kisha ondokeni yeye akiwa bado anataka kuendelea. Mzoeze kipima muda chenye mchanga au chenye rangi inayopungua. Mzoeze kuachwa na mtu anayemjua kwa dakika tatu, kisha kumi, ukiaga kila mara na kurudi kila mara. Pitieni njia ya kwenda huko mara mbili tatu bila kuingia, halafu mara moja mkaingie, mguse bembea na kutoka.

Wewe mwenyewe kaa kwenye chumba hicho saa ileile ambayo mtoto atakuwepo. Funga macho. Utasikia feni, taa inayovuma, mtoto anayelia chumba cha pili. Omba kinachoweza kubadilishwa kibadilishwe, na kisichoweza, mpelekee vifunika masikio na avizoee nyumbani kwanza.

Hatua ya 8: Mwandae mtaalamu

Mtaalamu anajua tiba. Mtoto unamjua wewe. Andika karatasi moja, si zaidi, kwa sababu ya pili haitasomwa. Baadhi ya mistari ya karatasi yetu ilikuwa hii:

"Anasema maneno yapatayo kumi. 'Maji' humaanisha maji, na pia humaanisha nataka kutoka hapa."

"Akianza kurudia wimbo uleule kwa kasi, anakaribia kuzidiwa. Punguza mwanga, nyamaza, ngoja."

"Usimguse kichwani. Anapenda kubanwa mabega kwa nguvu, akiomba mwenyewe."

"Akipepea mikono, amefurahi."

"Anaogopa mashine ya kukaushia mikono. Tumia taulo."

"Ukimuuliza swali, hesabu hadi kumi kabla ya kurudia. Jibu huwa njiani."

Mkabidhi pamoja na kadi za basi, na umwonyeshe kwa vitendo jinsi mnavyozitumia. Asipoziheshimu yeye, kazi yako ya wiki nne itaharibika kwa siku moja.

Kisha uliza: siku tatu za kwanza mtafanya nini naye? Jibu unalolitaka ni "tutacheza". Mtaalamu mzuri hutumia vipindi vya mwanzo kujifungamanisha na vitu ambavyo mtoto anavipenda, bila kumwomba chochote, mpaka mtoto amwone kama mtu anayekuja na mambo mazuri. Mkiambiwa mtoto ataanza mazoezi ya mezani siku ya kwanza, omba ibadilishwe. Omba pia saa chache mwanzoni. Wingi wa saa uamuliwe na anavyoendelea, usingizi wake na haja yake ya kuwa mtoto tu, na si na desturi ya mahali.

Wengine nyumbani wanahitaji maneno machache. Ndugu zake waelezwe anakwenda wapi na kwa nini, na wapewe dakika zao za peke yao na wewe, maana ratiba nzima ya nyumba itamzunguka mmoja. Bibi, babu na wasaidizi wa nyumbani waonyeshwe kadi. Mwalimu wake apate nakala ya ile karatasi.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Mvike nguo alizozizoea. Ale mapema. Usiongeze jambo jingine siku hiyo, wala ziara, wala manunuzi. Fikeni mapema kidogo ili msubiri nje kama ndani kuna kelele. Mtaalamu aje kwa pembeni, akae chini na kitu cha kuchezea, amwache mtoto amkaribie.

Ukitakiwa kuondoka, aga. Kutoroka mtoto akiwa ameangalia kwingine kunaonekana ni huruma, lakini kunamfundisha kwamba akigeuza macho wewe hutoweka. Sema ile sentensi ya kwenye kisa, onyesha picha ya nyumbani, toka. Na kipindi kiishe akiwa bado ana nguvu. Dakika ishirini zilizokwisha vizuri ni bora kuliko saa mbili zilizoisha kwa kilio.

Nyumbani mwache. Usimhoji. Mwanangu alikaa chini ya meza saa nzima baada ya kipindi cha kwanza chema, na hiyo ilikuwa sawa.

Hatua ya 10: Wiki sita za mwanzo

Tarajia kupanda na kushuka. Tabia iliyokuwa ikimpa mtoto kitu, ikiacha kumpa, mara nyingi huongezeka kabla ya kupungua, kama mtu anayebonyeza swichi iliyoharibika mara kumi. Hilo ni la kawaida, ilimradi amepewa njia mbadala. Kumpuuza mtoto anayelia bila kumfundisha njia nyingine si tiba, na kilio cha maumivu au cha hofu hakipuuzwi kamwe.

Endelea na daftari. Kila baada ya wiki mbili angalia: je, ile kadi inatumika na kuheshimiwa? Je, jambo alilojifunza kule analifanya nyumbani, au limebaki kwenye kile chumba? Ingia bila taarifa angalau mara moja.

Kupinga kidogo asubuhi si tatizo. Hata watoto wanaoipenda shule hupinga. Lakini zipo dalili za kusimamisha na kuuliza: anaanza kujikojolea ilhali alishaacha, halali, anajiumiza kwa namna mpya, anapoteza maneno aliyokuwa nayo, anamwogopa mtu mmoja hasa, au anakaa kimya na kutii kila kitu kana kwamba si yeye. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopita bila kuonekana, kwa sababu watu watakupongeza kwayo.

Ukiona hayo, punguza saa au simamisha kabisa, na omba kikao. Huhitaji ushahidi wa kimahakama ili kumpumzisha mwanao. Na ukiamua kumtoa, mwandae kwa hilo pia, jambo ambalo wengi tunalisahau. Mwandikie kisa kingine kifupi. Mwache aage kama anataka. Kisha mbele yake toa picha ya mlango ule kwenye ratiba, iweke mfukoni pamoja na mambo yaliyokwisha, na uweke picha ya kitu kingine mahali pake, ili asiamke kila siku akiuliza kwa macho kama ni leo.